Ami hataki niipande baskeli kabla sijailipa

*Assalaam alaykum Shangazi,*

*Mimi ni mwalimu wa skuli moja ya hapa mjini, nakaa Mwera. Kwa muda sasa kuna vijana wanatoka kila Jumapili alfajiri kwa baskeli za resi, wanakwenda Paje, mara nyengine Nungwi, na nimejitia kundini. Tatizo wao wana resi, mie nina Phoenix ya marehemu babu. Nikifika Tunguu, wao washaipita Jozani. Basi nimedunduliza mwaka mzima ninunue yangu.*

*Kuna duka moja Darajani la baskeli za mitumba zinazokuja kwa kontena kutoka Ulaya. Nimeona mbili. Moja nyekundu, ya alumini, nyepesi kama ungo, wameiandika 58 kwenye fremu, anaiuza laki saba. Ya pili ya chuma, kijani imefifia, 54, laki tano. Moyo wangu uko kwenye nyekundu. Mie urefu wangu sentimita 168. Nilipouliza kama hiyo 58 si kubwa kwangu, nikajibiwa, "Kiti kinashuka, mwanangu."*

*Nikaomba niipande japo mpaka mwisho wa njia. Mwenye duka akacheka: "Baskeli si embe, huionji. Ukiitoa nje ishakuwa yako." Sasa huyu si mtu baki. Alikuwa rafiki wa damu wa baba yangu, mie namwita ami, na baba alipofariki yeye ndiye aliyesimama na maziko mwanzo mpaka mwisho. Nikaona haya kuendelea. Tena kwa haya hizo hizo nikamuachia arbuni ya elfu hamsini, nikatoka.*

*Lililoniuma ni la siku mbili baadaye. Nimepita pale jioni nikamkuta mgeni mmoja, mtalii, anarudi na ile nyekundu. Kaacha pasipoti, kazunguka nayo nusu saa, kairejesha, kasema ahsante, kaenda zake. Hakununua. Ami akaniona, akajifanya anapanga pampu.*

*Mama anasema nisimuudhi ami yangu kwa jambo la baskeli. Mke wangu anasema niachane naye niagize kwenye mtandao, wanaleta mpaka mlangoni. Mie sijui. Je, kuomba kuipanda ni kumtilia shaka? Na nikikubaliwa, niangalie nini, maana mie naijua Phoenix tu?*

*Mwalimu wa Mwera*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, maana nimekuona hapo Tunguu na hiyo Phoenix, umesimama chini ya mwembe unawatafuta wenzio kwa macho.

Nikujuze kwanza unaongea na nani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi baskeli Ng'ambo. Nimekulia chini ya meza yake, nikichambua gololi kwenye kopo la mafuta ya taa. Kwa hiyo barua hii imemkuta mwenyewe, na nitasema mengi.

Tuanze na elfu hamsini, maana hiyo ndiyo iliyokufunga kamba mguuni. Hukuitoa kwa sababu umeitaka baskeli. Umeitoa kwa sababu ulikuwa hujui utatokaje dukani. Huo ndio muhali, ile haya ya kushindwa kumkatalia mtu, mwanangu, na sisi watu wa visiwa hivi muhali umetumaliza. Mtu anakula biriani ya harusi ya pili mchana mmoja kwa muhali. Anamkopesha mtu asiyelipa, kwa muhali. Sasa wewe unataka kununua chombo cha laki saba, utakachokipanda kwa mwendo wa kasi katikati ya daladala na malori ya mchanga, na hujui kinaendaje, kwa muhali. Kwenye duka lile hamna kitu cha ghali kuliko hicho.

Unaniuliza kama kuomba kuipanda ni kumtilia shaka. Hasha. Na hapa ami yako, kama ni mtu wa msikitini kama ninavyomdhania, analijua hili kuliko mimi. Sisi wengi wetu hapa ni Mashafii, na katika biashara ya Kishafii mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuendelea au kuvunja maadamu hawajaachana pale walipouziana. Tena mnaweza kuwekeana hiari ya sharti, mpaka siku tatu, kwamba bidhaa ikiangaliwa isiporidhisha inarudi. Na kasoro iliyokuwepo tangu mwanzo, mnunuzi asiijue, inampa haki ya kurudisha. Neno letu hili "hiari" tunalolitumia kila siku limetoka huko huko. Kwa hiyo usiende na maneno ya "naomba kujaribu", yanasikika kama ya mtoto anayetaka kuchezea. Mwambie, "Ami, naomba tuuziane kwa hiari." Atakuelewa mara moja, na hatokuwa na pa kuchekea.

Na arbuni, madam tuko hapo: wanazuoni wa madhehebu yetu hawaikubali ile arbuni ya kwamba usiponunua inaliwa. Mie si mufti, muulize sheikh wa msikiti wenu akufafanulie. Lakini usikae ukadhani zile elfu hamsini ni mnyororo. Akikurudishia, heri. Asipokurudishia, bora kupoteza elfu hamsini kuliko laki saba.

Sasa nimtetee ami kidogo, maana hapa nyumbani kwetu nimeyaona ya upande wa pili. Watu wanavichukua vyombo vya watu wakavifanya vyao. Baba aliwahi kumpa kijana baskeli aliyoitengeneza, aizungushe tu ahakikishe breki. Kijana akarudi baada ya Magharibi. Alikuwa Bububu, kaenda kuogelea, na mnyororo umejaa mchanga wa pwani. Hizi za resi nazo ni nyeti: ikiangukia upande wa kulia, kile kikono cha nyuma kinachohamisha mnyororo kinapinda, na gia hazikai tena. Mwenye duka akiumia mara mbili tatu, anafunga mlango kwa wote. Mtalii alipewa kwa sababu aliacha pasipoti. Wewe uliacha nini? Uliacha haya tu, na haya haziwekwi rehani.

Basi nenda na kitu cha kuweka. Nilitaka nikwambie mwachie pesa zote mkononi, laki saba nzima, kisha utoke na baskeli. Nikakumbuka kuwa pesa ikishaingia kwenye mtoto wa meza wa mtu unayemwita ami, kuitoa ni kazi nyengine, na muhali utakuwa umekufunga mara ya pili. Hapana. Acha kitambulisho chako cha Mzanzibari, na uende na mtu mzima mmoja atakayekaa pale barazani na ami wakinywa kahawa mpaka urudi. Awe mtu wa makamo, rafiki wa marehemu baba yako kama bado wapo. Mbele yake semeni mambo mawili: unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukiiangusha utatengeneza wewe. Hilo la pili litamlainisha kuliko yote. Chagua wakati mzuri pia. Usiende Ijumaa kabla ya Sala, wala jioni ile ya watu kutoka makazini. Saa tatu asubuhi duka limefunguliwa, jua halijawa kali, na yeye hajachoka.

Mama yako mjibu kwa upole kwamba hukwenda kumuudhi mtu. Mtu aliyemzika baba yako hawezi kupenda kukuona umelazwa hospitali kwa baskeli aliyokuuzia yeye.

Haya, sasa baskeli yenyewe. Ile nyekundu isahau.

Najua imekuuma. Lakini 58 ni ya mtu wa sentimita 183 na kuendelea. Wewe wa 168 unatafuta 52, labda 54 kama mikono yako mirefu. Na hili neno la "kiti kinashuka" ndilo lililouza baskeli mbovu nyingi kuliko rangi mpya. Kiti kinashuka, ndiyo. Fremu haifupiki. Ukishusha kiti miguu inafika, lakini usukani unabaki kule kule mbali, nawe utauendea kama mtu anayechungulia kisimani: shingo inauma, viganja vinakufa ganzi, na kwenye resi unainama zaidi kuliko kwenye Phoenix. Baba alikuwa akisema fundi anabadilisha kila kitu kwenye baskeli isipokuwa urefu wa mifupa yake. Kile kishingo kinachoshika usukani unaweza kukibadili kwa kifupi, ukapata sentimita mbili tatu. Ukihitaji kumi, hiyo si yako.

Tena nikuulize, alikishusha? Alisema kinashuka, lakini spana alishika? Mwambie akishushe mbele yako, kwenye hiyo ya kijani pia. Hiki si kisingizio. Sisi tunaishi ndani ya chumvi, na baskeli imekuja safari ya bahari kwenye kontena. Bomba la kiti la alumini likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila kutolewa wala kupakwa grisi, linashikana kama lililochomelewa. Likigoma kusogea, achana nayo hapo hapo, hata kabla ya kutoka nje, maana utakuwa umenunua kiti cha mtu mwengine. Likisogea, tazama mstari uliochorwa kwenye bomba unaosema mwisho wa kulipandisha. Usiuvuke.

Kupima kiti, fanya alivyokuwa akifanya baba kwa kila aliyekuja: kaa, mwengine akushikie, weka kisigino juu ya pedali, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Halafu ukiweka nyayo mahali pake pa kawaida, goti litapata mkunjo kidogo. Vaa viatu vile vile utakavyokwendea skuli. Nimeona watu wanapima kwa kandambili kisha wanalalamika magoti.

Bado hujatoka. Piga magoti uiangalie, usione haya, hii si kumuonesha mtu ubaya. Tazama chini ya shingo ya fremu, pale mabomba mawili yanapokutana nyuma ya gurudumu la mbele. Rangi iliyojikunja au ufa mwembamba kama unywele pale maana yake ilishagonga kitu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, pale breki inapobana. Ukisikia bonde, rimu imeliwa na iko karibu kufa. Inua gurudumu ulizungushe na ulitazame likipita kati ya mipira ya breki. Likisogea kushoto na kulia kidogo, spoki zinakazwa, na bei inapungua. Likiruka juu na chini, rimu imepondeka. Shika breki ya mbele uisukume baskeli mbele na nyuma. Ukisikia "kto, kto" mkononi, usukani umelegea kwenye gololi zake.

Chukua rula ya skuli, wewe mwalimu huikosi, yenye inchi. Iweke kwenye mnyororo uliovutika, sifuri katikati ya pini moja. Hesabu viungo ishirini na nne. Pini ya mwisho inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa nusu ya thumuni ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Ikipita thumuni nzima, ushakula na meno ya gia, na hapo huongelei mnyororo tu, unaongelea mnyororo na gia zote za nyuma. Hilo ni jambo la kupunguziwa bei, si la kukimbia.

Tairi zake zitakuwa nyembamba, ubavuni zimeandikwa kitu kama 25-622 au 28-622. Nambari ya kwanza ndiyo upana kwa milimita. Muulize ami, ukishanunua tyubu yake utaipata wapi, na kama anazo aweke mbili kwenye bei. Tazama na vali: nyingi za Ulaya ni zile nyembamba zenye kijiskrubu juu, na upepo wa fundi wa bodaboda hauingii bila kidude cha kuunganishia. Kidude hicho kidogo kama kete, lakini ukiwa Kitogani bila nacho utatembea. Tazama pia kama tairi zina vijiufa ubavuni kama uso wa udongo wa kiangazi. Zimekaa sana, hata kama kashata zake bado ziko juu. Kabla ya kutoka zijazwe. Tairi ya 25 kwa mtu wa uzito wa kawaida inataka upepo wa pauni (PSI) kama 80 mpaka 90, usivuke kilichoandikwa ubavuni. Ukiijaribu na upepo mdogo utaichukia bure, na itakuwa umeionea.

Sasa panda.

Ondoka Darajani kwa kuikokota. Pale kati ya mikokoteni na wanaochagua mitumba hutojua kitu ila kukanyaga na kusimama. Mpaka Mnazi Mmoja, hapo ndipo uanze: Maisara kwenye tambarare, kisha upande Kilimani, ambako hakukuitwa hivyo bure, halafu urudi. Dakika ishirini, thelathini. Chini ya hapo ni salamu tu.

Kabla hujashika kasi, nataka ufanye jambo moja kwa makusudi. Baskeli za Japani na Uingereza, breki ya mkono wa kulia inashika gurudumu la mbele. Za Ulaya bara nyingi ni kinyume, ya mbele iko mkono wa kushoto. Wewe mkono wako una mazoea yake ya miaka na Phoenix. Siku paka akikatiza, mkono hautofikiri, utabana. Ukibana ya mbele ukidhani ni ya nyuma, utapita juu ya usukani. Basi bana taratibu mmoja mmoja, ujue ipi ni ipi, kisha ukinunua mwambie fundi azibadilishe zifuate mkono wako. Ni kazi ya saa moja.

Kwenye tambarare, panda kwanza ukiwa umeshika juu, pale kwenye vishikio vya breki. Viwiko vikunjike kidogo. Vikinyooka kama mtu anayesukuma ukuta, fremu ndefu. Kisha shuka chini, kwenye zile pembe za kondoo, na ukae huko dakika tano kwa saa. Watu wengi hawafanyi hivi, wanashuka chini sekunde mbili wapigwe picha. Wewe kundi lako linakwenda Paje, karibu kilomita hamsini, na mwezi wa saba kusi linakupiga usoni tangu Tunguu mpaka unaiona bahari. Huko chini ndiko utakakoishi. Ukiona pumzi inabanwa na tumbo, au shingo haiinuki ukaona njia, jua sasa, si siku ya safari.

Kwenye kilima badilisha gia ukiwa unakanyaga kwa nguvu kidogo, si ukiwa unateleza. Dukani gia zote zinaingia. Gia mbovu hujulikana ikibeba mzigo: mnyororo unaruka, unasikia "tak!" na mguu unaporomoka. Kisha simama wima juu ya pedali hatua kumi.

Na hapa sikiliza, maana hili ndilo alilonifundisha baba nami mtoto wa miaka tisa. Alikuwa hampokei mtu pesa mpaka azunguke na baskeli mpaka kwenye mwembe na kurudi. Yeye hakuangalia, alikuwa amekaa kainamisha kichwa, anasikiliza. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, "tik... tik... tik", uko kwenye pedali, au krenki, ule mkono unaoshika pedali, au gololi za katikati. Acha kukanyaga, iteleze yenyewe. Mlio ukinyamaza, ni huko huko. Ukiendelea, na ukazidi mbio baskeli ikishika kasi, uko kwenye gurudumu. Ukija pale tu unaposimama wima, mara nyingi ni usukani au kishingo chake. Ukija pale tu unapokaa, ni kiti, na kiti ni rahisi, tone la mafuta au skrubu moja. Baba alikuwa anajua yote haya kabla mtu hajashuka. Mtu anashuka, anaanza kueleza, baba kashashika spana inayotakiwa.

Ukiwa unarudi kwenye tambarare, legeza mikono, usiuachie usukani, uuguse kwa vidole tu. Baskeli iende moja kwa moja. Ikivuta upande mmoja, foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, au fremu imepinda. Kaka yangu alinunua ya namna hiyo duka jengine, zamani, naye kwa muhali kama wewe, hakuijaribu. Alikuwa akiinamisha bega la kulia akiiendesha, mpaka akazoea. Siku mvua ya masika ilipomkuta karibu na Mwanakwerekwe, mikono imelowa, bega likateleza, akaingia kwenye mtaro. Mkono ulivunjika mara mbili. Fundi alipoitazama foki alisema ilikuwa imepinda tangu siku ya kwanza.

Ukirudi dukani usiseme lolote kwa dakika mbili. Kunywa maji. Viganja vina ganzi? Goti linauma mbele? Hapo kiti kilikuwa chini. Nyuma ya goti? Kilikuwa juu. Hayo yanarekebishika. Mgongo na shingo ndivyo vya kuogopa.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja, yenye bei, tarehe na ile nambari iliyogongwa chini ya fremu, karibu na krenki. Igeuze baskeli utaiona. Siku polisi wakikusimamisha, au siku ikiibiwa, hiyo karatasi ndiyo shahidi wako.

Sasa kama ami atakataa kabisa, hata kwa kitambulisho, hata kwa mtu mzima barazani? Mshukuru, mwambie utamfikishia mama salamu zake, uondoke. Usigombe. Na usiseme neno la yule mtalii, hata likikuwasha ulimi. Kajifanya anapanga pampu, ina maana kashaona haya mwenyewe. Wako watu wanaoijua kazi hii wanaouza zao wenyewe, kwa mfano hao vijana wa Jumapili. Waulize nani anataka kubadili. Hao wa kukwambia "panda mpaka Tunguu urudi" wapo, na wewe unawajua.

La mkeo la mtandao, mie sikuliafiki. Si kwamba wote matapeli. Ila picha haina uzito wala mlio, na ukitumiwa 58 badala ya 54, ya kuirudisha nani atailipia meli? Baskeli ya mtoto ya kuchezea uani, agizeni. Hii sivyo.

Kitu kimoja kidogo nimekaribia kukisahau. Wewe mwalimu, Ijumaa utakuwa na kanzu. Resi haina kile kibati cha kufunika mnyororo. Ukimaliza kuijaribu kwa suruali, ijaribu mara moja na mkoba wako wa madaftari mgongoni, kama utakavyotoka Mwera Jumatatu asubuhi. Kanzu iwe kwenye mkoba.

Niandikie ukirudi kutoka kwa ami. Na hiyo ya kijani, uniambie ina mlio au haina, na ikiwa nao, unakuja mara ngapi kwa mzunguko.

Shangazi